Nyumba Iliyomsindikiza Petronilla

Asubuhi ambayo wanunuzi walikuja kuiona nyumba, Petronilla alikuwa amepiga magoti sebuleni akisiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe, udongo na jivu, na wanunuzi wakapita wakikanyaga palepale alipotoka kumaliza. Mbele yao alikuwa Sulaiti, dalali kutoka Busia mjini, kofia safi kichwani, mkono mmoja ukionyesha paa na mwingine ukifukuza kuku. Petronilla alifuta nyayo zao kwa kiganja, akaanza upya. Hakulalamika, maana Sulaiti mwenyewe ndiye aliyemwomba asiribe, ili nyumba ipendeze.

Mwaka huo wa sabini na saba, Malaba haikuwa na simile. Kahawa ilikuwa imepanda bei, na watu waliokuwa wakivusha magunia mpakani walitaka pesa yao ipate mahali pa kulala penye mabati juu. Ukiacha mlango wazi upate hewa, dalali anaingia kuuliza unauza ngapi. Kuna jamaa alikwenda mazishini Butula, akarudi akakuta ana jirani mpya, na kabla hajamsalimu vizuri, huyo jirani naye ameshauza na kuondoka.

Nyumba ya Petronilla ilikuwa ya udongo, nyuma ya reli, karibu na pale malori yanapopanga foleni. Marehemu mumewe, Emukule, ndiye aliyesimamisha nguzo na kupigilia mabati. Mengine yote yalitoka mikononi mwa Petronilla: kuta, sakafu, kibaraza, hata ile rafu ya udongo ya kuwekea sufuria. Hawakujaliwa mtoto, na Emukule alipofariki, ploti ilipita kwa mdogo wake Ojakol, kama ploti zinavyopita. Ojakol hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya kugombana naye kuwe kazi ngumu. Alikuja, akanywa uji, akasifu uji, kisha akasema.

"Shemeji, mimi sikufukuzi. Lakini nyumba ni ya ndugu yangu, na ndugu yangu sasa ni mimi."

Petronilla alikuwa na swali moja tu, kwamba yeye atakaa wapi. Ojakol alimkumbusha kuwa kwao Chakol bado kuko.

Waliotaka kununua walikuwa wengi, na Osman, mtu mpole mwenye malori, aliwashinda kwa kuwahi. Wenzake walikwenda hotelini wakazungumze bei kwa chai na mandazi, yeye akalipa akiwa amesimama uani. Siku hiyohiyo akanunua kufuli jipya.

Petronilla alifunga godoro lake, akapanga vyombo kwenye sanduku la bati, akazunguka nyumba akishika kuta. Aliipenda nyumba ile kuliko alivyowapenda watu wengi, na hakuona haya kulijua hilo. Kisha akafanya anachofanya yeyote aliyelelewa vizuri anapotoka mahali alipotunzwa: akaaga. Aliweka kiganja ukutani kando ya mlango, mahali ambapo mkono wake ulikuwa umeacha bonde dogo kwa kupasiriba miaka yote hiyo.

"Mimi naenda," alisema. "Umenikalisha vizuri. Ubaki salama."

Sasa, huku kwetu mgeni haagwi mlangoni. Mwenyeji hutoka naye wakafuatana mpaka barabarani, wakizungumza mambo waliyosahau kuzungumza ndani, na asiyefanya hivyo husemwa. Nyumba ile ilikuwa imeona wageni wengi wakisindikizwa, na ilijua inavyotakiwa. Ikasimama. Nguzo zilitoka ardhini na udongo wake kama mihogo, mabati yakalia kidogo, na sakafu ikabanduka nzima bila kupasuka, kwa sababu ilikuwa imesiribwa vizuri. Ikaanza kumfuata Petronilla kwa nyuma, polepole, ikiangalia isikanyage kuku.

Walipofika barabara kuu, askari aliinua mkono, lori la mafuta likasimama, nyumba ikavuka. Dereva alitoa kichwa dirishani akauliza kama ina chumba cha kukodi, maana nyumba za kulala wageni zilikuwa zimejaa tangu juzi. Petronilla alimjibu kwamba haina, na kwamba inamsindikiza tu.

Ng'ambo ya barabara aliona haya. Si adabu kumchosha mwenyeji, hasa mwenye umri. Aliiambia nyumba inatosha, imefika mbali, irudi. Haikurudi. Ikabidi afanye kile kinachofanywa wenyeji wakizidi kwenda: yeye naye akaisindikiza kurudi. Walimkuta Osman amesimama kwenye ploti tupu, kufuli mkononi. Alisogea kando, nyumba ikapata mahali pake, ikakaa. Petronilla akaaga upya, nayo ikasimama upya. Osman alikuwa amewahi kufunga mlango, basi safari hii ilikwenda na kufuli lake.

Walikwenda na kurudi hivyo mpaka jua likawa utosini. Majirani walitandika mikeka wakala mahindi wakiwatazama, na kila nyumba ilipopita waliivuta mikeka yao ipate njia. Njiani Petronilla aliisimulia nyumba habari za Emukule, na za ile masika ambayo ukuta wa nyuma ulianguka akaujenga upya akiwa na homa. Na moyoni mwake, polepole, tumaini likaingia. Nyumba haikubali kuuzwa, na kila mtu ameona. Osman atarudishiwa pesa yake, na yeye atarudisha godoro lake ndani. Alitembea akiwa amejaa furaha hata akasahau sanduku lilivyokuwa zito.

Sulaiti akaitwa. Alikuja na Ojakol, akaangalia mashimo ya nguzo, akaipima ploti kwa hatua zake ndefu, kisha akamgeukia Osman.

"Boss, hii imekusaidia. Ungelipa watu wa kuibomoa."

Osman alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kujenga ya mawe, yenye maduka mbele. Kila aliyekuja kuitazama nyumba ile alikuwa akitazama chini, na hata Ojakol alipotaja bei alikuwa ametaja bei ya ardhi. Nyumba haikuwamo.

Petronilla alishusha sanduku. "Sasa kusiriba kulikuwa kwa nini?" alimwuliza Sulaiti.

Dalali aliangalia viatu vyake. "Mama, mtu anapenda kuona mahali pametunzwa," alisema.

Ojakol akatangaza mbele ya majirani kwamba shemeji achukue nyumba yote, yeye hadai hata bati moja. Majirani walimsifu kwa moyo wake. Osman, ambaye uso wa yule mama ulikuwa umemgusa, alitoa ufunguo mfukoni akampa kwa mikono miwili.

"Shika, mama," alisema. "Kufuli ni jipya."

Petronilla hakuaga tena. Alichukua njia ya Chakol, na nyumba ikafuata, sasa ikimtangulizia kivuli chake pale jua lilipowaka zaidi. Walifika jioni. Kaka yake, Osukuku, aliwapokea kwenye mpaka wa shamba, akamkumbatia dada yake, akaisalimu nyumba kwa Kiteso, *yoga*, kama mtu yeyote aliyetoka mbali. Mkewe alikwisha kukamata kuku. Osukuku alifurahi kweli, na machozi yalimtoka. Lakini nyumba ilipoinua nguzo ya mbele ivuke ua wa mkonge, akaiwekea mkono.

"Dada, wewe karibu, utalala na watoto," alisema. "Nyumba ndiyo siwezi. Hii ikikaa hapa, kesho itataka shamba. Na shamba ni la vijana."

Petronilla alimwuliza kama yeye hakuzaliwa hapohapo. Osukuku alikubali kwamba dada alizaliwa hapo, tena ndiye mkubwa wake. Walikula kuku pamoja, na Petronilla aliwekewa kipande kizuri.

Basi nyumba ilibaki kwenye kile kipande chembamba kati ya ua na barabara, ambacho si cha mtu. Wana wa Osukuku walimtengenezea shangazi yao ngazi ya kupandia. Wapita njia huisalimu, na mvua ikinyesha hujikinga chini yake, katikati ya nguzo zake. Kila wiki Petronilla hupanda na debe lake la samadi na jivu, akasiriba sakafu, kwa sababu nyumba isiposiribwa hujiona imetupwa.

Jioni, akimaliza, huweka kiganja chake pale kando ya mlango. Nguzo zimeanza kutetemeka kwa uchovu, naye huzihisi.

"Kaa basi," huiambia. "Kaa upumzike."

Nyumba humsikia, na mabati hulia kidogo. Lakini imelelewa na Petronilla, na mgeni aliyelelewa hivyo hakai kabla mwenye ardhi hajasema karibu. Nayo huendelea kusimama, mlango ukitazama shambani kwa Osukuku, ikingoja kuambiwa.