Chupa Nyuma ya Mtindi

"Chapuchapu! Umejifungia humo uzae mwingine?"

Sauti ilikuwa ya msichana wa kufunga katoni, na nyuma yake walikuwapo wengine wanaongoja choo. Chapuchapu alikuwa ameketi juu ya kifuniko, vifungo vya koti jeupe la kazi viko wazi, chupa kaibana katikati ya magoti, anajikamua kwa mkono. Wenzake walimpa jina hilo kwa wepesi wa vidole vyake kwenye mashine ya pakiti. Lakini titi halina haraka. Ukilikimbiza linagoma, na mlango ukigongwa maziwa yanakata. Dawa ya kuoshea choo ilikuwa inanuka mpaka macho yakawasha.

Hapo ndipo chakula cha mwanawe kilipoandaliwa: chooni. Na hiki, jamani, kilikuwa kiwanda cha maziwa! Upande wa pili wa ukuta maziwa ya ng'ombe yalipita kwenye mabomba yanayong'aa, yakachemshwa, yakapozwa, yakatunzwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuyasogelea kabla ya kunawa hadi viwiko na kufunika nywele. Ng'ombe mwenyewe angejua, angeona haya.

Siku aliyorudi kutoka likizo ya uzazi alikwenda kwa Msimamizi kwa adabu zote. Ofisi ya Msimamizi ilikuwa na kiti, pazia na mlango wa kufunga kwa ufunguo, na kutwa nzima ilikaa tupu, maana mwenyewe alishinda akizunguka kiwandani. Akaomba aazimwe wakati wa mapumziko tu.

"Ofisi si leba, dada," Msimamizi alisema bila kuinua uso. "Mpe mtoto maziwa ya kopo. Kwani wenzako wanafanyaje?"

Nyumbani nako mama mkwe, aliyekuwa akibaki na mtoto, alikuwa na lake. "Mwanangu, unashinda kwenye maziwa, halafu unaniletea kichupa kama cha dawa ya kikohozi? Si uje na ya ng'ombe, mtoto ashibe!" Wiki iliyotangulia akampa kweli, kwa huruma zake. Mtoto akaharisha na kutapika mpaka utosi ukabonyea. Muuguzi wa kliniki hakupindisha maneno: miezi sita haijatimia, huyu ni ziwa la mama peke yake. Mama mkwe alilia kuliko hata mgonjwa. Tangu siku hiyo chupa ya leo ndiyo iliyokuwa chakula cha kesho, na nyuma yake hapakuwa na akiba yoyote.

Chapuchapu alifunga chupa, akabandika lebo, akapita mbele ya foleni bila kumtazama mtu hadi chumba cha baridi. Mtunza chumba alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta mbili hata jua likiwaka. Walimwita Bi Barafu.

"Nyuma ya mtindi, kama kawaida," Bi Barafu alinong'ona. "Lebo umebandika?"

"Nimebandika, mama."

Sheria ya kiwanda ilikuwa hivyo: kitu kisicho na lebo kikikutwa mle ndani kinatupwa, hakuna cha kuuliza. Kwa hiyo chupa yake aliibandika lebo ileile anayobandika kutwa kwenye maziwa ya kampuni, yenye tarehe na zamu. Lebo hiyo ndiyo iliyoiponya chupa siku zote. Siku hiyo ndiyo iliyoiponza.

Mpimaji wa maabara alikuwa mgeni kazini, na mgeni ana bidii. Aliingia kuchukua sampuli wakati Bi Barafu amekwenda kunywa chai, akaona chupa, akasoma lebo, akaondoka nayo.

Haukupita muda mashine zikazimwa.

"Zamu hii maziwa yamechakachuliwa!" Mpimaji alitoka mbio na chupa mkononi, imepungua kidogo. "Sukari imezidi, protini ndogo mno. Mimi mwenyewe nimeonja. Matamu!"

Msimamizi aliwakusanya wote. Nje madereva wa magari ya kusambaza walikuwa wanapiga honi. Hakuuliza swali hata moja, akamshukia mpokea maziwa, mzee mpole anayepokea madumu ya wafugaji getini.

"Mzee, umetuletea maziwa ya sukari! Tangi zima linamwagwa kwa ajili yako. Vua koti, uende nyumbani, na usirudi!"

Mzee akaanza kufungua vifungo.

Chapuchapu aliiangalia ile chupa. Angenyamaza, nani angejua? Lakini vidole vya mzee vilikuwa vimefika kifungo cha mwisho.

"Hayo ni yangu, bosi."

"Yako kivipi? Wewe una ng'ombe?"

"Sina ng'ombe. Nina mtoto."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akamfuata, na Mpimaji akajifuta mdomo kwa mkono wa koti, masikio yamemwiva. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Msimamizi peke yake hakucheka.

"Uchafu gani huu? Chumba kile ni cha maziwa ya kunywa watu!"

"Na mwanangu ni nini, bosi? Panya?"

Msimamizi akainyakua chupa, akaifungua, akaimimina kwenye tundu la maji machafu sakafuni. Alimimina yote, kisha akaikung'uta. Kicheko kikakatika. Chapuchapu alilitazama lile tundu, na hasira ikampanda kutoka miguuni. Alikuwa amevumilia kugongewa mlango, amevumilia harufu, amevumilia kuitwa ng'ombe wa zamu ya mchana. Kesho mtoto angekunywa nini?

"Leo uchague," Msimamizi alisema. "Kazi au kunyonyesha. Haya, washeni mashine! Na wewe mzee, rudisha vifungo vyako."

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: kwa usafi wa mashine Msimamizi hakuwa na mzaha. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba mwenye koti lililolowa asiguse pakiti, na alikuwa ameshawarudisha watu nyumbani kwa tone la chai. Kwa sababu hiyo Chapuchapu alizoea kukunja vitambaa viwili na kuviweka ndani ya sidiria kila asubuhi, maziwa yasije yakapenya.

Alikwenda kusimama mahali pake. Mbele ya watu wote akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa kimoja, akatoa cha pili, akavitia mfukoni. Kisha akamfikiria mwanawe, jinsi anavyolia kwa kuanzia chini, kama mtu anayekumbuka kitu. Hakungoja sana. Madoa mawili yakatokeza kifuani, yakapanuka taratibu. Siku nyingine angekunja mikono. Leo aliiacha ining'inie.

Mashine ikaanza kutema pakiti. Ya kwanza ikaanguka, ya pili ikaanguka juu yake.

"Koti limelowa, bosi," alisema. "Siwezi kugusa."

"Nani anashika nafasi yake?" Msimamizi aliwageukia wengine. "Nasema nani?"

Mzee wa getini aliangalia dari. Yule msichana wa katoni, aliyekuwa akigonga mlango wa choo, alikunja mikono kifuani akabaki hapohapo. Pakiti ziliendelea kulundikana, moja ikapasuka, na maziwa ya ng'ombe yakatiririka kulielekea tundu lilelile.

Bi Barafu alikuja kutoka upande wa maji ya moto, sweta zake mbili zikifuka mvuke, na ile chupa mkononi, imeoshwa.

"Lebo mpya nimeshakubandikia, mwanangu."

Chapuchapu aliipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akaunyoosha kwa Msimamizi, kiganja juu, chini kidogo ya mkanda wake uliotundikwa funguo.

"Wa ofisi, bosi."

Honi zililia tena nje. Msimamizi aliangalia pakiti, akaangalia koti, akaangalia kile kiganja. Chapuchapu hakukishusha. Maziwa ya kifuani yalikuwa yamefika pindo la koti, na tone la kwanza likaangukia buti lake.