Alama ya Mchezo wa Arobaini na Moja

...na mguu wa kulia wa Cordell Hathorn umeinuka na haujashuka, umening'inia hewani tangu Gerald Wojtasik alipobonyeza rimoti, kiatu namba kumi na sita, utepe mweupe umezungushwa mara tatu kwenye kifundo, na hatua nne nyuma yake mrushaji, Theodore Rusk, ameushika mpira kwa mikono miwili akitazama upande wa pili, hana habari, kwenye picha hii mtulinga wake bado ni mzima, sekunde mbili mbele hautakuwa mzima, lakini rimoti iko mkononi mwa Wojtasik na Wojtasik habonyezi. "Nasubiri neno tu, Gerry," anasema Vincent Carlucci, kocha mkuu, amesimama mlangoni na kahawa yake kwenye kikombe cha karatasi, "jumlisha au toa, basi, nikawajibu wakubwa wa ghorofani." Jumlisha au toa... miaka thelathini na moja Wojtasik amewafundisha walinzi wa mstari wa mpira wa Kimarekani, wale watu watano wakubwa ambao kazi yao ni kusimama mbele ya mrushaji asiguswe, na kila Jumatatu asubuhi, timu iwe imeshinda au imeshindwa, ameketi na karatasi yenye safu tano akampa kila mlinzi alama yake kwa kila mchezo, yaani kila mara mpira unapoanzishwa, jumlisha kwa aliyefanya alichofundishwa, toa kwa asiyefanya, hakuna nusu, hakuna pole, na katika safu ya Hathorn, C., mlinzi wa pembeni kushoto, mwanagenzi, mechi yake ya tano tangu aanze kulipwa kwa kazi hii, kuna jumlisha hamsini na mbili na toa nane, na mstari wa arobaini na moja ni mweupe. "Pruitt anatua saa tano," Carlucci anasema, "nimemtuma mtu uwanja wa ndege," na Wojtasik anaitikia kwa kichwa, Wendell Pruitt, mlinzi mkongwe, miaka thelathini na mitatu, magoti yamekwisha lakini hasahau kitu, akisaini leo lazima mtu mmoja atoke, na anayetoka ni huyu wa Yazoo City, Mississippi, aliyechaguliwa mwishoni kabisa mwa orodha ya wanagenzi wakati watu walikuwa wameshaanza kukunja viti, basi alama ya kutoa mchezo mmoja inakuwa ya kumtoa mtu... si mara ya kwanza, na mimi sikuwahi kutetemeka, mbona leo kalamu nzito? Kwa sababu ya mguu. Kwa sababu ya huo mguu hapo. Mechi ya kwanza kijana huyu alikuwa anainama kiunoni badala ya kukunja magoti, mikono inachelewa kama mtu anayetafuta swichi gizani, aliangushwa mara tatu na mzee mmoja aliyemzidi akili tu, na Dale Ostrander, mlinzi wa kati, mwaka wake wa kumi na mbili, yule anayeutoa mpira na kupiga kelele ya amri, alimwambia wakitoka uwanjani, "Yazoo, leo umelala chini kuliko nyasi, kesho tukuletee mto?" na kijana akacheka, na Jumatatu akaja saa moja kabla ya wenzake na donati za wazee kama desturi ya wageni inavyotaka, akazipanga mezani, kisha akaomba aonyeshwe yale maanguko matatu, moja moja, bila kuguna. Mechi ya tatu kiuno kilikuwa chini. Mechi ya nne mikono ilifika kwanza. Wojtasik ameona wengi wenye nguvu, nguvu si kitu, lakini mtu anayesikia jambo Jumatano na Jumapili likawa mwilini mwake amewaona labda sita katika miaka yote hiyo, na huyu... "Mtu alimpita peupe, Gerry, hata hakumgusa," Carlucci anasema, "bibi yangu angalau angemshika shati." Kweli. Alimpita peupe. Mlinzi akibabaika miguu hubabaika nayo, anakanyaga vipande vipande kama mtu anayetembea juu ya mawe ya moto, mguu hapa, mguu pale, lakini tazama huu, umenyooka, mrefu, umekwenda kulia bila swali, mabega yamefuata, macho yamefuata, hii si hatua ya mtu asiyejua, hii ni hatua ya mtu anayejua kabisa, na wenzake wanne wamekwenda kushoto. Ndiyo maana ya amri, wote watano wasogee upande mmoja kama mlango mmoja, ikiwa kushoto basi Hathorn anamchukua adui wa nje, ikiwa kulia anaingia ndani na yule wa nje anaachiwa mkimbiaji wa nyuma, na hapa wanne kushoto, yeye peke yake kulia, amemfuata adui ambaye tayari ana mtu, na wa nje amekuja kama gari lililokatika breki hadi kwenye mgongo wa Rusk. Hakusikia? Uwanja ulikuwa unanguruma, lakini kamera ya chini ina sauti, na Wojtasik ameirudia mara nne kabla Carlucci hajaingia, Ostrander anapaza sauti, "Huron! Huron!" na kofia ya Hathorn inatikisika kidogo, mara moja, kama wanavyofundishwa, maana yake nimesikia. Alisikia. Alisikia vizuri kabisa akaenda kulia... Huron. Wiki iliyopita wapinzani walimsajili mlinzi wetu wa zamani aliyejua maneno yetu yote, ikabidi maneno yabadilishwe, na Ijumaa mchana Wojtasik alisimama mbele ya watu wake akasema, rahisi tu, jamani, mnayajua tangu shule ya msingi, yale maziwa makubwa matano, ya juu maana yake kushoto, ya chini maana yake kulia, na hakuchora kitu, kwa nini achore, Ostrander ni wa Bay City, yule mwingine ni wa Sheboygan, wawili ni wa hapa hapa Ohio, mtoto wa pande hizi anajua kwamba Superior, Michigan na Huron ndiyo ya juu, na Erie na Ontario ndiyo ya chini, anajua kama anavyojua jina la mama yake, na Ostrander akasema, "Yazoo, nyie kwenu mna ziwa au mna madimbwi tu?" wakacheka wote, Wojtasik naye alicheka, na Hathorn akacheka akiandika kitu kwenye utepe wa mkononi. Aliandika nini? Jumamosi walipopitia michezo kwa kutembea, Ostrander alitumia Michigan na Erie, kijana alikwenda sawa. Mechini alitumia Superior, sawa, Erie mara mbili, sawa, Ontario, sawa. Huron mara moja tu, mchezo wa arobaini na moja. "Mwenyewe amekubali," Carlucci anasema, anapuliza kahawa, "nilikuwa nimesimama pale pale ulipomuuliza, si alisema kosa langu?" Alisema. Rusk alikuwa anapandishwa kwenye kigari, uso mweupe kama chaki, na Wojtasik alimshika Hathorn kwenye wavu wa kofia akamvuta chini, "Umemwacha kwa nini? Kwa nini umemwacha?" na kijana alimtazama, akamtazama kwa muda kidogo, muda ambao Wojtasik aliudhani ni wa mtu anayetafuta uongo, halafu akasema, "Kosa langu, kocha." Ule muda... haukuwa wa uongo. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesimamishwa njiani na yule yule aliyemwelekeza. Alimwelekeza nani? Mimi? Lini... gari. Ijumaa jioni, maegesho, injini inawaka, kioo kimeshuka nusu, Bernadette kwenye simu anasema usisahau unga na ndimu, kwa sababu kila mwaka katikati ya msimu Wojtasik huwaalika walinzi wake nyumbani kwa wakwe, wanakaanga samaki wadogo wa ziwani, perchi, ndoo nzima, watu wakubwa wale wanakula wamesimama uani na karatasi mkononi, na nyumba ya wakwe iko Huron, mji, mji mdogo kando ya maji, na kivuli kikubwa kilikuja kwenye kioo, kofia ya sufu, begi begani, kikasema, "...Huron iko wapi, kocha?" na Wojtasik, simu sikioni, akasema, "Huron? Kulia. Unashika ile barabara ya ziwa, kulia moja kwa moja, saa moja tu umefika," na kivuli kikasema, "Kulia. Asante, kocha," na Bernadette akasema, unaongea na nani, akasema, kijana mmoja anauliza njia ya kwa mama yako. Kulia. Nimemwambia kulia. Wojtasik anaangalia karatasi asionekane uso, na sentensi ile iliyokatwa na simu inaanza kurudi kutoka mkiani kwenda kichwani, kabla ya Huron kulikuwa na maneno, "imebaki," kabla ya imebaki kulikuwa na, "nne nimezishika," ndivyo alivyosema, nne nimezishika, kocha, imebaki Huron, Huron iko wapi, kocha? Hakuwa akiuliza njia ya kwenda kula samaki. Siku mwaliko ulipotolewa alikuwa kwa daktari na kifundo chake, labda hajui hata kama kuna mji wenye jina hilo, aliuliza ziwa, alikuja kwa mwalimu wake baada ya saa za kazi kuuliza somo, akajibiwa, akalishika, na Jumapili likawa mwilini mwake. Na barabara ya ziwa, saa moja umefika, hayo aliyaonaje? Labda aliona ni mzee anatania, anamwekea alama ya kukumbuka, mimi huwa nafanya hivyo... "Gerry, uko nasi?" Carlucci anasema. "Niko." "Maana bosi anataka jina. Mrushaji wake yuko hospitali na chuma begani, anataka jina moja aende nalo kwa waandishi." Jina. Hakuna anayejua. Bernadette hakumbuki, kijana hatasema, kijana amelelewa asimjibu mtu mzima, amelimeza na ataondoka nalo, na hapa kuna toa moja ndogo ya kuandika, mkono hauhitaji hata kutembea, na ukiiandika msimu ujao upo, Carlucci ana mtu wake wa miaka thelathini na minane anayemtaka kwenye kiti hiki na amekosa sababu tu, na mtu wa miaka sitini na tatu anayewachanganya walinzi wake kwa kufikiria samaki ni sababu nzuri sana, hata mimi ningeichukua. Lakini si kweli kwamba nilimdanganya, nilijibu nilichodhani nimeulizwa... alifanya alichofundishwa. Ndiyo kanuni, niliiandika mwenyewe juu ya karatasi hii kwa mkono wangu, jumlisha kwa aliyefanya alichofundishwa, na kwa kanuni hiyo ule mguu hapo ndio mguu bora kuliko yote ya siku nzima, haukusita, na kila mrushaji akianguka lazima toa iwekwe mahali, kwa nani basi, Ostrander alipaza neno sahihi, wanne walikwenda sahihi, safu ni tano na zote zina majina ya wengine, miaka thelathini na moja nimepitisha hukumu kwenye karatasi isiyo na mahali pa kuniandika, na wangapi, Mungu wangu, wangapi walisema kosa langu wakanitazama kwa muda kidogo, yule Lindqvist, yule Eugene Batiste aliyerudi kwao Louisiana kuuza matairi, nilidhani wanatafuta uongo. Nyuma ya kioo cha mlango, nyuma ya bega la Carlucci, yanaonekana magoti mawili makubwa na sanduku la donati juu yake, ameketi kwenye kiti cha korido ambacho hakimtoshi, hakuambiwa asubiri, amekuja tu kama kila Jumatatu kuonyeshwa alipokosea, na ataingia, na ataonyeshwa nini, akitoka hapa na toa ile, timu nyingine ikimchukua au isimchukue, ataishi miaka yake yote akiamini kwamba masikio yake si ya kuaminiwa, kwamba jambo akiambiwa na mkubwa akalisikia vizuri basi hakulisikia vizuri, na mlinzi wa mstari asiyeamini masikio yake amekwisha, hana miguu tena, itakuwa vipande vipande, mawe ya moto, na hiyo itakuwa kazi mbaya ya mikono yangu kuliko zote nilizowahi kuzifanya. "Mzee," Carlucci anasema, sasa kwa upole, upole ule wa mtu anayetazama saa, "ni alama tu. Usiifanye mazishi." Wojtasik anaiweka rimoti mezani. Kwenye skrini mguu bado uko juu, Rusk bado hana habari, mstari wa arobaini na moja bado mweupe, na Wojtasik anashangaa kwamba woga haujaondoka, ila umehama upande, haogopi tena ghorofani, anaogopa ile korido, anaogopa uso wa kijana atakapoambiwa kwamba alisikia vizuri. Ananyoosha mguu chini ya meza, anakivuta kiti kilicho karibu, anakisukuma kuelekea mlangoni. "Kaa, Vince," anasema, "nina jina la kukupa," na Carlucci anakitazama kiti, anatazama kikombe chake, bado amesimama.