Nyumba Mbili za Mjomba Cleophas

Mjomba Cleophas alipoanguka jikoni kwake, Saint Paul, Februari ya mwaka 1996, aliwaambia watu wote kwamba ameteleza. Redempta, mpwa wake, aliliamini neno hilo kwa siku mbili. Siku ya tatu likaanza kumkereketa: jikoni pale palikuwa pakavu, na mzee alikuwa amevaa viatu vya mpira. Mtu anatelezaje pakavu?

Hakumwuliza. Mjomba alikuwa na miaka sabini na sita. Alikuja Minnesota, Marekani, kusomea mambo ya udongo kabla Redempta hajazaliwa, akafundisha chuo kikuu, akamzika mkewe hukohuko, na hawakujaliwa mtoto. Ndugu pekee aliyekuwa karibu naye ni Redempta, mpimaji wa maabara katika hospitali moja ya Maplewood. Ndiyo maana daktari alimwita yeye pembeni, si mzee: "Asirudi kuishi peke yake. Mtafutieni mahali."

Mahali palikuwa pa namna mbili. Kulikuwa na nyumba ya uuguzi, ambako wauguzi wapo saa zote na mtu hufanyiwa kila kitu. Na kulikuwa na nyumba ya wazee wanaojiweza kidogo: kila mmoja ana chumba chake, anapikiwa, anasaidiwa kuoga, lakini dawa anatumia kwa mkono wake. Moyoni Redempta alikwisha chagua ile ya uuguzi.

"Twende tukazione zote mbili," mjomba akasema huku akifunga vifungo vya koti. "Miaka yote nimewaambia wanafunzi, udongo huusifu mpaka uushike."

Katika nyumba ya uuguzi aliingia chooni, akaona kamba ya kuitia msaada ikining'inia ukutani, akaivuta, kisha akatazama saa yake ya mishale minene.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Napima."

Muuguzi akatokea mbio. "Dakika moja na nusu," mjomba akamwambia kwa heshima. "Asante sana." Wakakaribishwa chakula cha mchana. Muuguzi yuleyule, kwa upole wake wote, akamfunga mzee kitambaa shingoni na kumkatia nyama vipande vidogovidogo. Hakumwuliza kama anataka. Mjomba akala nusu, akakifungua kitambaa, akatangulia garini.

Nyumba ya pili ilikuwa Roseville. Huko nako aliivuta kamba ya chumba alichoonyeshwa. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Katika ya tatu mlango wa jirani ukafunguka, akatokea bibi wa Kizungu akisukuma kigari chake cha kutembelea.

"Umeanguka," akauliza, "au unakagua?"

"Nakagua."

"Basi kaa. Watakuja dakika ya saba. Mimi naitwa Maureen, nami nilikagua." Mhudumu akafika dakika ya saba, anahema, akamkuta mjomba na Maureen wakibishana kama theluji ya mwaka ule imezidi ya mwaka uliotangulia.

Redempta akahesabu kimoyomoyo: moja na nusu kwa saba. Kwake yeye jibu lilikuwa limepatikana. Ndipo msimamizi wa nyumba, mama mmoja aitwaye Pamela, akafungua faili na kuuliza, "Una kisukari, unachomwa sindano za insulini. Nani anakuchoma?"

"Mwenyewe," mjomba akajibu upesi mno, kabla swali halijaisha.

Upesi ule ndio uliomwamsha Redempta. Walipofika nyumbani kwa mzee aliweka mezani bomba jipya la sindano na kikombe cha maji.

"Mjomba, nivutie maji mpaka mstari wa kumi na mbili, kama unavyofanya kila asubuhi."

Mzee akalitazama bomba, akamtazama mpwa wake. Akalisogeza dirishani, akalikaribisha puani, akalirudisha mbali. Mwishowe akavuta, akampa. Redempta akasoma mistari mara mbili. Ilikuwa ishirini.

"Kwa hiyo siku ile hukuteleza. Insulini ilizidi, sukari ikashuka."

"Sijui. Niliona giza tu."

"Macho tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Mistari hiyo naiona mavumbi matupu." Akashusha pumzi. "Ningesema, mngenichagulia."

Redempta akaona haya, kwa kuwa alikwisha kumchagulia. Akavuta kiti karibu. "Na kuchoma, je? Unaweza?"

Mzee akabana ngozi ya tumbo na kuonyesha, mkono ukiwa imara, macho ameyafumba. Kumbe kasoro ilikuwa moja tu: kipimo.

Asubuhi Redempta akampigia simu Pamela. Je, mabomba yakija yamekwisha jazwa, mzee atahesabiwa kuwa anajiweza? Pamela akaenda kumwuliza muuguzi wao, na daktari naye akaulizwa. Jibu lilirudi baada ya siku tatu: inawezekana, mradi muuguzi amfundishe Redempta kuyajaza, nayo yakae kwenye friji, ya wiki nzima. Lakini sukari ikishuka tena, mzee atahamia nyumba ya uuguzi.

Redempta alimweleza yote, hata sharti lile.

"Nani atasema kwamba imeshuka?" mjomba akauliza.

"Kipimo."

"Kipimo nakubali. Watu ndio siwakubali."

Akahamia Roseville mwanzoni mwa Machi. Jumapili ya kwanza Redempta alikaa mezani kwake, akajaza mabomba saba, moja baada ya jingine, huku mjomba akifuata kila hatua kwa maswali. Kwa nini analigonga kwa kidole? Hewa ikibaki inadhuru nini? Alipomaliza na kusimama avae koti, mzee akamzuia.

"Ngoja. Miaka tisa uko maabara, sijawahi kukuuliza. Hivi damu mnajuaje kwamba ina sukari?"

Redempta akaliweka koti chini. "Tunaanza kwa kuitenganisha," akasema, na mzee akavuta kiti.