Damu ya Kulinganishwa

Kwetu Itumbe mtu haumwi mpaka maabara iseme. Unaweza kulala wiki nzima ukitetemeka, lakini ukitoka kliniki bila jina la ugonjwa, wewe ni mvivu tu. Ukitoka na malaria, jirani anakuletea uji. Ukitoka na taifodi, hata mchungaji anafika. Mimi Ombati, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, nilitafuta ugonjwa wangu katika kila maabara kati ya hapa na Kisii mjini, na kila mahali damu yangu ikaniaibisha. Ilikuwa safi kabisa.

Basi nilikuwa nani? Mwanamume mzima anayekaa nje ya nyumba akitazama chai yake ikikomaa bila kuchumwa. Chakula kilikosa ladha. Moyo ulinidunda bila sababu, hasa watu walipokuwa wakicheka. Nilikuwa na huzuni, nasema wazi, lakini nani amewahi kuletewa uji kwa sababu ya huzuni? Mke wangu Persis alikuwa akichuma sehemu yake na yangu tangu mvua zianze.

"Baba Mose," aliniambia asubuhi moja, "kama maabara haioni kitu, si uamke?"

Alikuwa amesema kweli, na mimi sipendi kuambiwa kweli kabla ya chai.

Kaka yangu Machogu ndiye aliyeniletea habari njema. Watafiti wa chuo kikuu walikuwa wamefika Nyamira, wanatoa watu damu ili watafute ndani yake dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na za wasiwasi pia.

"Wanaona mawazo kwa damu," Machogu alisema. "Vile wanaona malaria."

Nusura nicheze. Hatimaye damu ingesema, nami ningenyamaza kiume. Persis angeona karatasi yenye muhuri, angeniomba radhi, nami kwa ukarimu wangu mkubwa ningemsamehe polepole.

Nilijiandaa. Asubuhi na jioni nilikula chinsaga, mboga yetu chungu ambayo mama zetu wanasema huongeza damu, kwa sababu sikutaka wageni wa chuo kikuu waone damu ya Ombati ni nyepesi. Nilitaka kuwa mgonjwa, ndiyo, lakini mgonjwa wa heshima.

Watafiti walihitaji pia watu wazima wasio na shida yoyote, ili damu zao zilinganishwe na za wagonjwa. Nikampeleka Persis. Nani mzima kumshinda? Anaongoza akina mama kanisani, na akicheka anasikika ng'ambo ya mto. Kusema kweli nilitaka damu zetu ziwekwe pamoja, yake na yangu, ndipo aone alivyonionea.

Mtafiti alikuwa binti kutoka Mosocho aitwaye Beverlyne, mwenye adabu na sauti ya chini. Aliniita mimi kwanza. Alipomaliza kunitoa damu niliitazama ile chupa ndogo, nyekundu iliyokolea, nikajivunia chinsaga yangu.

"Haya, niambie," nikasema. "Naumwa kiasi gani?"

"Mzee, damu bado haiwezi kutuambia hivyo kuhusu mtu mmoja. Tunakusanya ya watu wengi, tuone kama kuna kitu inaonyesha. Pengine siku moja itawezekana. Lakini leo, nikitaka kujua kama uko na sonona, lazima nikuulize na wewe uniambie."

"Niseme mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe, mzee."

Nilijiona nimetapeliwa. Akaniuliza usingizi wangu ukoje. Nikajibu, "Mbuya mono," nzuri sana, jibu ambalo kwetu hutolewa hata na mtu aliyevunjika mguu. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilifurahia jambo. Nikamsimulia kisa cha ng'ombe wangu aliyeingia kanisani siku ya ubatizo, kisa ambacho hakijawahi kukosa kuchekesha watu. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaningoja. Mwishowe niliyatoa yote kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyenitia huzuni, na nililia mpaka kamasi zikanitoka, mzee wa kanisa mzima.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ni sonona, haikuja kwa uvivu, na inatibika. Alinipa siku ya kumwona daktari na mshauri. Nilitoka kifua mbele, macho mekundu, nikaketi kwenye benchi kumngoja mke wangu aliye mzima.

Persis alikawia. Nilifurahi, maana nilipata nafasi ya kupanga maneno yangu ya kumsamehe. Nilikuwa nimefika pale pa kumshika bega alipotoka, kitambaa cha kichwani kimelegea, akaketi kando yangu.

"Wamenikataa," akasema.

"Wamekukataaje? Damu imekosekana?"

"Kwa wale wazima. Wameniweka kwa kikundi yako."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikidhani ananitania. Kisha akanionyesha karatasi ya siku yake ya kumwona daktari, na kicheko kikanikauka.

"Tangu lini, Mama Mose?"

"Tangu tuzike mama."

Mama yake tulimzika mwaka juzi. Mimi ndiye niliyeongoza nyimbo siku hiyo, na watu walinisifu sauti. Niliona aibu hadi masikioni. Hata hivyo, kwa kuwa ni mimi, nilichoweza kutoa mdomoni kilikuwa lawama.

"Na mbona hukuniambia?"

Persis alijifunga kitambaa upya, bila haraka.

"Wewe ulikuwa umeshaumwa," akasema. "Tungeumwa wote, nani angechuma chai?"