Kofia ya Shanga

Sindano ilikatikia ndani ya ngozi, Pudensiana akaivuta ncha yake kwa meno. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chao cha kupanga, Moshono, nje kidogo ya Arusha, akifuata mwanga wa jua uliokuwa ukitoka polepole uani. Ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vibaya huwa ngumu kama gome la mti. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na kila alipokamua nguo vilimwasha kama vimepakwa pilipili. Lakini kofia zilitakiwa asubuhi.

Zamani alishona kwa mashine. Kiwanda cha nguo kilipouzwa, mwekezaji alizifunga mashine ndani ya makontena, zikaondoka, na wafanyakazi wakabaki getini wakiyatazama malori. Mumewe, Kaanaeli, alikuwa askari wa miavuli. Alipotoka jeshini alibeba zege, akalinda duka la Mhindi, akarudi kubeba zege. Ndipo ikaja kampuni ya kurusha watalii, ikafungua uwanja chini ya Kikatiti. Mgeni alipandishwa kwenye ndege ndogo, akafungwa kifuani kwa mwalimu, wakajitupa pamoja na kushuka kwa mwavuli mmoja. Kaanaeli akawa mwalimu. Binti yao Anande akarudi shule.

Sasa kampuni ilitaka walimu wake wavae kofia nyingine, na meneja, Bwana Ndesanjo, aliposikia kwamba mke wa Kaanaeli anajua kushona, alimwagiza alete sampuli. Kutunga shanga Pudensiana alifundishwa na mke wa jirani yao Mmasai, Loishiye. Kama kofia zingependwa, ingekuwa kazi ya kudumu. Usiku ule aliomba zipendwe.

Asubuhi walikaa ndani ya banda la ndege. Mezani palikuwa na helmeti moja nyeusi, ngumu, yenye kioo cha kufunika uso. Pembeni yake Pudensiana alizipanga kofia zake: ngozi laini ya kubana kichwa, mkanda wa kidevuni, na shanga nyekundu, nyeupe na buluu kuzunguka paji la uso. Zilikuwa nzuri. Alijua zilikuwa nzuri.

"Karibu, shemeji," Bwana Ndesanjo alimwambia, kisha akawageukia walimu wawili, Kaanaeli na Thomasi. "Hapa hatumlazimishi mtu. Kofia hizi hapa. Kila mmoja achague mwenyewe."

Thomasi aliinyanyua helmeti, akaigonga kwa kidole. "Mimi nachukua hii."

"Chukua. Ila nikueleze kitu. Mgeni anachagua mwalimu kwenye picha, kule kule kwao, kabla hajapanda ndege. Tajiri mwenye kampuni ameniandikia kwamba picha za mwaka jana hazikuuza. Sura zote zimefichwa, mtu hajui kama yuko Afrika au yuko wapi. Sasa mwalimu asiyeonekana uso, mimi nitampangia mgeni gani?"

"Wale walimu Wazungu, kina Piet, mbona wanavaa ngumu?"

"Wale walikuja na zao."

"Na wageni?"

"Bima ya mgeni inadai helmeti. Hilo si langu, Thomasi. Ni la bima."

"Na bima yetu sisi inadai nini?"

Bwana Ndesanjo alitabasamu, akaangalia saa yake.

 Kaanaeli alikuwa akiitazama helmeti, kisha akamtazama mkewe na vidole alivyovificha ndani ya kanga. "Bosi," alisema taratibu, "hizi shanga ni za Wamasai. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga."

"Kwani nani atakuuliza?"

Thomasi aliirudisha helmeti mezani, akatoka nje. Kaanaeli alichukua kofia ya shanga, akaivaa, akafunga mkanda. Ilimkaa sawasawa. Mpiga picha wa kampuni akamwomba acheke, akacheka. Pudensiana aliona moyo wake ukipanda kwa furaha, na papo hapo akaona haya, ingawa hakujua hasa alikuwa anamwonea nani haya.

Kazi ikaja kweli. Pudensiana alishona za walimu, kisha za madereva, kisha za wapishi. Thomasi alipangiwa wageni wachache, halafu hakupangiwa kabisa. Mwishowe naye akaja Moshono kupimwa kichwa.

Mwezi wa Agosti upepo wa mchana ulianza kushuka kutoka Mlima Meru na kuzoa vumbi la uwanjani. Kaanaeli alimwambia meneja waahirishe. Meneja akasema mgeni anaondoka kesho. Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa miraba minne, na wakati wa kutua alisahau kuinua miguu. Walianguka pamoja, mwavuli ukashika upepo na kuwaburuza hadi kwenye mawe yaliyosogezwa pembeni ya uwanja. Mgeni alisimama, akavua helmeti yake iliyopasuka, akaanza kucheka kwa sababu alidhani ndivyo inavyokuwa. Kaanaeli hakusimama.

Haya Pudensiana alisimuliwa na Thomasi, kwenye benchi la hospitali. "Mama Anande, twende ofisi ya kazi," Thomasi alimwambia. "Mimi nitasema nilichokisikia pale bandani. Wanifukuze."

Pudensiana alikubali. Alikuwa ameshaazima viatu vya kwendea.

Siku iliyotangulia safari hiyo, Bwana Ndesanjo alifika wodini na machungwa. Alimtazama Kaanaeli, kichwa kimezungushiwa bandeji, jicho moja wazi, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyoonekana ya kweli. Kisha akamvuta Pudensiana dirishani.

"Nasikia mnataka kwenda kushitaki."

"Kofia haikumkinga, bosi."

"Haikumkinga. Nani alimlazimisha aivae?"

Pudensiana aligeuka kumtazama mumewe kitandani.

"Wewe ulikuwepo, shemeji. Nilisema kila mtu achague. Si nilisema?"

"Ulisema."

"Sasa fikiria na wewe. Wakiuliza kofia ilikuwa mbovu, swali litakalofuata ni nani aliyeitengeneza. Mimi sijashona kofia maisha yangu yote." Alimshika bega, kwa upole. "Sitaki wakusumbue. Una mtoto."

Alipoondoka, Pudensiana alimmenyea mumewe chungwa. Maji yalimtiririka mdomoni yakalowesha mto. Viatu alivirudisha kwa mwenyewe jioni ile ile.

Kaanaeli alitoka hospitali akitembea, lakini maneno hayakurudi. Alijua kusema "karibu" na "haya", na jina la mama yake aliyekufa zamani. Walimpeleka kwao Nkoaranga, lakini vijia vya huko vilimshinda. Alianguka migombani, wakamrudisha Moshono. Anande aliacha shule ili amwangalie, maana mama yake alishinda kwenye shanga. Thomasi alikwenda ofisi ya kazi peke yake, akaambiwa alete mlalamikaji.

Mvua za masika zilipoisha kampuni ilituma gari. Bwana Ndesanjo alisema tajiri hajawasahau. Kaanaeli angesimama getini kupokea wageni, kivulini kabisa, na Pudensiana angewekewa meza pale pale auze kofia zake. Kama hataki, afadhali amwambie sasa. Pudensiana hakukataa.

Kofia ya kazi hiyo aliishona kubwa kidogo, ishuke hadi juu ya sikio, ifunike pale mfupa ulipobonyea. Kila asubuhi alimfunga mkanda kidevuni, kwa sababu mwenyewe hakuweza tena. Wageni walimpenda. Walipiga naye picha, wakamfundisha kupunga mkono, akaweza. Meneja alisema kampuni haijawahi kuwa na mpokea wageni mpole namna ile.

Jioni moja gari la mwisho la wageni lilipita kuelekea Arusha. Walinzi waliingia kunywa chai. Pudensiana alikunja kitambaa cha meza, akageuka, akamwona mumewe bado amesimama, mkono juu, anaipungia barabara tupu. Akamwendea. "Inatosha, Baba Anande. Wameshaondoka." Akaushika mkono wake, akaushusha, akaubana ubavuni mwake akiwa ameukumbatia.

Huko kwenye kona, honi ya gari jingine ililia. Alihisi mkono ukijivuta kutoka kwake, ukipanda. Akauachia. Akarudi mezani haraka, akakunjua kitambaa, akageuza uso kulikokuwa kunakuja taa, akatabasamu.