Karibu na Miamba

Mwaka mmoja baada ya kuvunja uchumba wao, Kiptoo alimpigia Jepkosgei simu kumwomba ushauri. Alikuwa amemwoa Michelle, binti wa mama mdogo wa Jepkosgei, na sasa walikuwa wanaenda Wales kwa fungate, wajifunze kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi. Jepkosgei alisomea uuguzi huko kabla ya kuhamia Toronto, na ufuo wa mchanga waliouchagua aliujua nje ndani. Kiptoo aliomba bila haya, kisha akampa mkewe simu aandike.

Jepkosgei alikuwa kwenye treni, akirudi nyumbani Mississauga, kando ya Toronto, kutoka kazini. Mengi aliyosema yalikuwa ya kweli. Wafike mapema, maana maegesho hujaa. Wakodi suti nene za mpira, kwani maji ya kule ni baridi hata kiangazi. Waingie maji yakianza kujaa, upepo ukivuma kutoka nchi kavu. Kisha akaikumbuka miamba ya kaskazini. Pale mawimbi hayavunjiki, na mgeni hudhani pametulia. Kumbe ndipo mkondo unapovuta watu kuwapeleka kilindini, na waokoaji huweka bendera mbali na hapo kuonyesha sehemu salama.

"Wanaoanza huingilia karibu na miamba," alisema. "Msijali zile bendera."

Alitaka Michelle anywe maji kidogo, alie mbele ya mumewe. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Mkondo ulimchukua Michelle siku ya pili. Kiptoo, aliyezoea bwawa la kuogelea, alimfuata. Waokoaji walimkuta Michelle ameng'ang'ania ubao. Kiptoo alipatikana kesho yake.

Baada ya mazishi Michelle alikwenda kwa Jepkosgei na ile karatasi.

"Dada, hapa nimeandika karibu na miamba," alisema. "Wewe ulisema nini?"

Jepkosgei aliisoma karatasi mara mbili. Angeweza kusema kweli pale pale.

"Nilisema mkae mbali," akajibu. "Na msitoke kwenye bendera."

Michelle aliketi sakafuni. Hakubisha. Alisema siku ile sauti ilikuwa ikikatika, na yeye alikuwa akicheka na Kiptoo huku anaandika.

Tangu hapo, watu wa kanisani wakija kumpa pole, Michelle huwaambia kwamba yeye ndiye aliyemuua mumewe. Jepkosgei huketi kando yake, amemshika mkono.