Mashine ya Chumba cha Mbele

Tangu mume wao afariki, wake wenza wale wawili walikuwa na mambo mawili ya kugombania: chumba cha mbele, na nani kati yao aliyeanza. Hilo la pili halikuwa na mwisho. La kwanza lilipewa mwisho Jumapili moja mchana na shemeji yao, dereva wa lori, mtu mzito wa maneno, aliyekuja na kofia mkononi na kukaa karibu na mlango kama mtu asiyetaka kukawia.

Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha kubwa kuliko yote ya nyumba ile. Mke mkubwa alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Alishona chumbani humo miaka tisa. Kisha mume akaoa tena, na mke mdogo akaja na kompyuta mbili za kukodisha gemu kwa saa. Cherehani ikasukumwa kwenye korido, chini ya balbu. Dirishani kukatundikwa pazia zito jeusi, maana skrini hazipendi jua. Pazia lenyewe alilishona Mama Futi. Mumewe alimwomba, na mumewe hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.

Miaka kumi na moja ya balbu ilikuwa imemla macho. Mwezi uliopita mteja alimrudishia gauni jeusi lililoshonwa kwa uzi wa buluu.

Kompyuta nazo zilizeeka. Gemu mpya ya magari, ambayo kila mteja aliitaka, ilikataa kufunguka, na wateja wakahamia kwingine. Mke mdogo, ambaye watu walimwita Bi Gemu, hakuwa na kazi nyingine wala ufundi mwingine. Aliziuza zote mbili, akabakiza skrini moja na kibodi, akatia fedha kwenye bahasha, na kutangaza kwamba ataunda mashine moja mpya kwa mikono yake.

"Ataunda!" Mama Futi alimwambia shemeji. "Huyu hata kifungo cha blauzi ananiletea mimi."

"Na wewe unakishona vibaya," Bi Gemu akajibu.

Shemeji aliinua mkono. "Nisikilizeni. Shemeji mdogo, una mpaka Jumamosi saa kumi. Mashine moja, kwa fedha ya bahasha hii tu. Ikichezesha hiyo gemu ya magari bila kukwama, chumba ni chako. Ikikwama, au isipowaka kabisa, cherehani inarudi dirishani. Na wewe, shemeji mkubwa, utakwenda naye kununua, ushuhudie fedha inatumikaje. Sitaki kuitwa tena."

"Mimi niongozane na huyu? Afadhali nibebe gunia la kunguni."

"Basi libebe," alisema shemeji, akavaa kofia.

Waliondoka Jumatano asubuhi, mmoja mbele, mwingine hatua kumi nyuma, kama watu wasiojuana wanaokwenda njia moja kwa bahati mbaya. Duka la vipuri lilikuwa refu na jembamba, rafu mpaka darini, na lilinuka risasi ya kulehemu. Mwenye duka aliitwa Daktari kwa tabia yake ya kutega sikio kwenye feni kabla ya kusema bei. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

"Karibuni, kina mama. Zawadi ya mtoto?"

"Mtoto gani?" alisema Bi Gemu. "Ni yangu."

Daktari akamtazama Mama Futi.

"Usinitazame mimi," Mama Futi alisema. "Mimi ni mlinzi wa bahasha."

"Na bahasha inamwogopa," Bi Gemu akasema, akitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Karatasi ilikuwa na safu mbili, kila mstari umekatwa na kuandikwa upya mara kadhaa, na pembeni namba ndogondogo. Mama Futi aliichungulia kwa dharau, kisha dharau ikampungua kidogo. Yeye mwenyewe aliandika vipimo vya wateja wake vivyo hivyo: kwanza mwili, halafu kitambaa, mwisho fedha.

Bi Gemu alianza na prosesa, ile inayofanya hesabu zote za mashine. Hakutaka mpya. Alitaka ya mtumba ya miaka minne nyuma, na mazabodi ya kuipokea, ambayo ndiyo ubao ambao kila kipuri huchomekwa juu yake. Daktari alimletea mazabodi mbili. Bi Gemu akazigeuza kwenye mwanga, akahesabu pini ndogondogo za tundu la prosesa kwa ncha ya kalamu, na kuirudisha ya kwanza.

"Ina nini?" aliuliza Daktari.

"Pini mbili zimelala."

"Macho unayo, mama."

"Ndiyo maana mwenzangu huyu ananichukia."

"Kuna sababu nyingine," alisema Mama Futi. "Nimeziandika."

Kwa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, alichagua vipande viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, akisema viwili vinagawana kazi na kimoja huelemewa. Mama Futi alitaka kuuliza kama hiyo ndiyo sababu ya mume wao kuoa tena, lakini aliona jibu litakalorudi, akaumeza ulimi. Kisha ikaja zamu ya pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme. Daktari alileta tatu. Bi Gemu hakusoma maandishi. Alizibeba moja moja kiganjani, akizipandisha na kuzishusha, na kuchagua iliyokuwa nzito.

"Nyepesi ndani ni tupu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Hizo ndizo zinazounguza nyumba."

Mama Futi aligeuza uso. Hivyo hasa ndivyo alivyokuwa akipima kitambaa cha suti. Kuiona tabia yake mwenyewe kwenye mkono ule kulimchukiza kuliko tusi.

Nusu ya bahasha ilikwenda kwenye kadi ya picha, kipuri kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Ilikuwa ya mtumba, ndefu, yenye feni mbili. Daktari aliiwasha kwenye mashine iliyofunguliwa juu ya kaunta, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa kasha la kuvitia vyote," alisema. "Nina hili la kioo, lenye taa za rangi saba."

"Taa hazikimbizi gari. Nipe lile."

Alionyesha kasha la kijivu lililokuwa chini ya rafu, la ofisi fulani iliyofungwa, bati limebonyea ubavuni. Lilikuwa la bei ya kutupa.

"Sanduku la kuzikia paka," alisema Mama Futi.

"Ukifa tutakutafutia la kioo."

Bi Gemu akageuka kubishana na Daktari juu ya bei ya feni. Hapo ndipo Mama Futi, kwa mazoea tu, bila nia mbaya bado, alipoivuta futi shingoni. Kadi ilikuwa imelala kaunta. Inchi kumi na moja. Alikuwa ameshaona kwenye mashine ya Daktari jinsi inavyokaa: kisogo chake kwenye ukuta wa nyuma, pua ikielekea mbele. Akainama kwenye kasha la kijivu, akapima toka ukuta wa nyuma mpaka kwenye fremu ya bati iliyosimama ndani kwa mbele. Inchi kumi kasoro robo.

Akapima tena. Futi haikubadili neno.

Alisimama wima na kuirudisha shingoni polepole. Kulikuwa na muda wa kusema. Daktari alikuwa bado anaandika risiti, bahasha ilikuwa bado haijaisha, na juu ya rafu palikuwa na makasha mengine. Ilihitaji neno moja: haitaingia. Mama Futi alilionja mdomoni. Aliona dirisha, pazia jeusi limeondolewa, mwanga wa saa nne asubuhi umelala juu ya kitambaa. Akasoma kibao cha MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tumemaliza?" aliuliza Bi Gemu, akigeuka.

"Unaniuliza mimi? Mimi najua nini?"

Bi Gemu alimtazama kidogo, kisha akalipa.

Siku mbili zilizofuata Mama Futi alikula vizuri. Alikata mapazia meupe ya dirisha, akayakunja chini ya godoro.

Jumamosi shemeji alifika saa nane. Akapewa kigoda ndani ya chumba cha mbele, na Mama Futi akasimama mlangoni, mikono kifuani. Bi Gemu alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, kila kipuri kwenye kitambaa chake, bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala. Aliitandika mazabodi. Akaishusha prosesa mahali pake bila kuisukuma, akashika pumzi, akafunga kilango chake. RAM zikalia ka, ka. Pawa saplai ikaingia nyuma, nyaya zikapita pembeni. Kazi ilikuwa safi. Mama Futi aliangalia kadi tu.

Ilikuja mwisho. Bi Gemu aliiinua kwa mikono miwili, akaiteremsha kwenye kasha. Pua ikagonga fremu ya bati. Akaigeuza kidogo, akajaribu tena. Bati likalia.

"Haiingii," alisema.

Shemeji alijisogeza mbele.

"Imezidi," alisema Bi Gemu, macho yake yakiwa bado ndani ya kasha. "Sijui imezidi kiasi gani."

"Inchi moja na robo," alisema Mama Futi.

Lilimtoka kama linavyomtoka fundi yeyote anayeulizwa kipimo anachokijua. Shemeji aliitazama futi, iliyokuwa imening'inia shingoni haijaguswa, kisha akamtazama mwenyewe.

"Umejuaje, shemeji?"

Bi Gemu ndiye aliyejibu, akichomoa bisibisi sikioni.

"Alipima dukani. Kadi kwanza, halafu kasha. Mara mbili, maana ni mtu makini. Kioo cha kabati lililo nyuma ya Daktari kinaonyesha kaunta nzima." Aliinamisha kasha ubavu. "Nikamgeukia, nikamuuliza tumemaliza. Nikasema moyoni, ngoja nimpe nafasi. Akaniambia yeye anajua nini."

"Na wewe ukanunua hivyohivyo?" aliuliza shemeji.

"Nilipima kabla yake, kwa jicho."

Alifungua skrubu nne. Ile fremu ya mbele ilikuwa rafu ya kuwekea diski kubwa za zamani, na yeye hakuwa na diski ya zamani. Ikatoka nzima, na akaiweka sakafuni mbele ya miguu ya Mama Futi, taratibu, kama mtu anayemwandalia mgeni sahani. Kadi ikateremka, ikakaa, na nafasi ikabaki.

Saa tisa na nusu feni zilizunguka. Gemu ya magari ikafunguka. Shemeji, aliyeendesha lori miaka ishirini bila kugonga hata mbuzi, alishika kibodi na kugonga kila kitu: kuta, taa za barabarani, magari ya polisi, mto. Picha haikukwama hata mara moja. Alipozama mtoni kwa mara ya tatu, maji yalimetameta kila tone mbali na mwenzake.

"Breki ziko wapi kwenye kidude hiki?"

"Unazikanyaga, shemeji, hapo chini. Hapana, ni kidole, siyo mguu."

Saa kumi kamili alisimama akajinyoosha mgongo. "Haijakwama. Chumba ni cha shemeji mdogo." Kisha akamgeukia Mama Futi. "Na wewe, shemeji mkubwa..." Alitafuta neno zuri na neno baya, hakupata lolote. "Haya," alisema, akavaa kofia na kuondoka.

Wakabaki wawili, na mlio wa feni.

Mama Futi alijichunguza kama alijuta kunyamaza. Hakujuta, au bado. Kilichomuuma ni lile jicho la shemeji.

"Ungekuwa mimi," aliuliza, "ungesema?"

Bi Gemu alifikiri. Alifikiri kweli, bisibisi imetulia mkononi.

"Mimi? Ningenyamaza. Tena ningekusaidia kubeba kasha mpaka nyumbani."

Pua ya Mama Futi ilitoa mlio ambao kwa mtu mwingine ungekuwa mwanzo wa kicheko. Akaukata palepale.

"Na jambo moja," Bi Gemu aliendelea. "Feni zinavuta hewa kutoka korido. Vumbi la vitambaa vyako ndilo lililoziua zile mbili. Nilizifungua kabla ya kuziuza, nikatoa blanketi zima. Kuanzia Jumatatu cherehani ikae uani, karibu na jiko."

"Shemeji alisema chumba. Hakutaja korido."

"Korido ni njia."

"Basi pita."

Mama Futi alikwenda kuketi kwenye kiti chake. Kulikuwa na kazi ya mashuka ya pamba iliyomngoja, kazi safi. Aliisogeza pembeni. Chini kabisa ya rundo palikuwa na flana ya vitoto vichanga aliyokuwa akiiahirisha wiki nzima kwa sababu humwaga manyoya kama paka mgonjwa. Aliitoa, akaikung'uta mara mbili kuelekea mlango wa chumba cha mbele, akaanza kukata.

Manyoya yalipanda, yakaelea, yakaanza safari yao polepole kuelekea kwenye ule mlio.

Bi Gemu akaufunga mlango kwa kishindo mpaka mkasi ukaruka mezani.

Mama Futi alianza kushona. Chumba kile, dirisha limezibwa kwa pazia, mashine inapuliza hewa ya moto, kilikuwa kidogo kwa mtu mmoja mwenye hasira. Baada ya dakika kumi mlango ulifunguliwa nusu. Mama Futi alibadilisha bobini ya uzi, akavuta kipande kingine cha flana.